MACHI 2020: ALASIRI NILIYOSINGIZIA KAFYU



Leo si lile somo fupi la asubuhi mlilozoea. Weka chai karibu, kwa maana hii ni ndefu. Wiki iliyopita kwenye ibada ya vijana niliuliza nani anakumbuka Jumapili ambayo makanisa yalifungwa. Watoto wa miaka 10 wakanitazama tu. Walikuwa na miaka 5 wakati huo, wanakumbuka barakoa na kukaa nyumbani bila shule, basi. Watu wazima wakacheka, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Nikarudi nyumbani nikiwaza: sisi tuliokuwepo tukinyamaza, hawa wataisoma wapi? Kwa hiyo naandika ninayoyajua, ya nchi na ya kwangu mwenyewe, hata lile ambalo sijawahi kulisema mimbarini.

Kabla ya kuendelea, fungua Mambo ya Walawi 13 usome mstari wa 45 na 46. Kisha fungua Luka 5:12-13. Usiiweke Biblia mbali, nitarudi hapo.

Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, Mkenya mwenzetu aliyekuwa amerudi kutoka Marekani kupitia London. Siku mbili kabla ya hapo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema ugonjwa huu sasa ni janga la dunia nzima. Sisi hapa Ogwedhi tulisikia kwa redio, na jioni ile sokoni kila mtu alikuwa daktari. Mmoja anasema ni ugonjwa wa wazungu. Mwingine anasema jua letu litauua. Mwenye duka mmoja akapandisha bei ya sabuni kabla hata hajamaliza kusikiliza habari.

Jumapili ile, tarehe 15, nilihubiri Zaburi 91. Mliokuwepo mnakumbuka. Nilisema tauni haitaikaribia hema yetu, nikawaambia msalimiane kwa mikono miwili, mkumbatiane, mwonyeshe shetani kwamba hatuogopi. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Ndugu zetu Wamaasai waliotoka upande wa Trans Mara waliruka, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikashuka mimbarini nikijiona Eliya. Alasiri ile ile Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zote zifungwe.

Niseme jambo moja kuhusu Zaburi 91, kwa sababu nililiona baadaye sana, nikiwa nimekaa nyumbani sina pa kuhubiri. Ni zaburi ya kweli na naiamini mpaka leo. Lakini soma Mathayo 4:6. Aliyeinukuu zaburi hiyo kwa Bwana Yesu, juu ya kinara cha hekalu, ni Ibilisi. Alimwambia ajitupe chini, malaika watamdaka. Yesu hakukana kwamba malaika wapo. Alikataa kuruka. Mimi Jumapili ile niliwaambia watu waruke. Katika chuo cha Biblia nilifundishwa andiko hilo, nikalifanyia mtihani, nikapita vizuri. Siku ya kulitumia nikalisahau.

Jumamosi tarehe 21 ilikuwa siku ya maombi ya taifa. Siku iliyofuata serikali ikasimamisha mikutano yote ya ibada. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Mnada wetu wa ng'ombe ukanyamaza. Wewe unayeijua Ogwedhi unajua maana yake. Hapa Mjaluo, Mkuria, Mmaasai na Mkisii hukutana kwa sababu ya ng'ombe na mahindi kabla ya kukutana kwa sababu ya Injili. Soko likilala, hata kanisa linakonda.

Na lilikonda kweli. Sadaka ilikauka ndani ya wiki mbili. Safaricom walikuwa wameondoa ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, basi nikaanza kupokea sadaka za shilingi 50, za 30, nyingine 20. Mama mmoja muuza omena alikuwa akinitumia 50 kila Jumapili saa nne kamili, saa ambayo angekuwa kanisani. Simu ikilia saa hiyo, mimi na mke wangu tulikuwa tunanyamaza kidogo. Mkumbukeni huyo mama, kwa maana ndiye nitakayemzungumzia chini.

Hofu nayo ilikuwa na chakula chake cha kutosha. Mwaka ule ulianza na nzige kule kaskazini, wengi kuliko walivyoonekana kwa miaka 70. Kisha mvua ikanyesha kupita kiasi, Ziwa Victoria likapanda mpaka likaingia nyumba za watu ufuoni, na kule Nyatike maji ya mto yakahamisha familia. Nzige, gharika, tauni. Kwa Mpentekoste aliyelelewa na Ufunuo wa Yohana, hesabu inajijumlisha yenyewe. Nami nilisambaza. Nilituma kwenye kundi letu la WhatsApp ile sauti ya mtu asiyejulikana akisema chanjo itakuja na alama ya mnyama. Sikumjua ni nani, sikuuliza. Niliituma saa tano usiku, na mpaka asubuhi ilikuwa imefika kwa watu ambao hata si wa kanisa letu. Mwezi Machi 2021 chanjo zilipofika Kenya, baadhi yenu mlikataa mkinikumbusha sauti ile. Hilo nimeshaliungama mbele yenu, naliandika hapa ili liwe kwenye kumbukumbu.

Ng'ambo ya Isebania mambo yalikuwa tofauti, na hilo lilitusumbua. Rais Magufuli alikataa kufunga makanisa na misikiti, akasema huko ndiko uponyaji wa kweli uliko. Watu wetu wakaniuliza: Pasta, Mungu wa Sirari ni mwingine? Mbona wao wanaabudu? Sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kwamba Warumi 13 inatutaka tutii mamlaka, na mzee mmoja akanijibu kwamba hata wale wa Tanzania wanatii mamlaka yao. Alikuwa na haki. Nilikosa usingizi kwa swali hilo.

Basi nikarudi kwa vitabu vyangu vya chuo, ambavyo vilikuwa vimeliwa na mchwa pembeni. Nilitaka kujua kama kuna mchungaji mwingine yeyote aliyewahi kukaa mahali nilipokaa. Wapo wengi, ndugu yangu. Karibu mwaka 250 baada ya Kristo, tauni ilipiga dola ya Rumi kwa miaka mingi. Cyprian alikuwa askofu wa Carthage, Afrika hii hii yetu, upande wa Tunisia ya leo. Wakati ule Wakristo walikuwa wameteswa na serikali, na wapagani wakasema tauni imeletwa na hawa wanaokataa miungu. Cyprian aliwapanga waumini wake wawahudumie wagonjwa, na siyo wa kanisa peke yao, hata wale waliowatesa. Kule Alexandria, askofu Dionysius aliandika jinsi watu walivyowatupa jamaa zao barabarani hata kabla hawajakata roho, huku Wakristo wakiwaosha wagonjwa na wengi wakifa pamoja nao.

Halafu kuna Martin Luther. Mwaka 1527 tauni ilifika Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini yeye akabaki, na mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Wachungaji wenzake walimwandikia wakiuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Jibu lake lilinishangaza, kwa sababu halikuwa la upande mmoja. Alisema nitamwomba Mungu, kisha nitafukiza nyumba, nitatumia dawa, nitaepuka mahali ambapo sihitajiki ili nisimwambukize mtu na kuwa sababu ya kifo chake. Lakini jirani akinihitaji, nitaenda. Mchungaji hasa, alisema, hana ruhusa ya kuwaacha wanaokufa.

Nilisoma hayo mwezi wa nne katikati. Niliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wiki mbili baadaye nilifanya kinyume chake.

Lakini ngoja kwanza. Siwezi kuwaeleza nilichofanya bila kuwaambia kwamba korona haikuwa tauni ya kwanza kupita kwetu. Vijana wengi hawajui haya. Mwanzo wa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu kwa maelfu mengi kandokando ya ziwa, kuanzia Busoga kule Uganda mpaka fuo zetu hizi za Nyanza Kusini, na bonde la Lambwe kule Homa Bay lilikaa miaka mingi watu wakiliogopa kwa sababu ya mbung'o. Leo tunapeleka watoto wa shule pale Ruma kuangalia twiga. Kisha mwaka 1918, vita vya kwanza vikiwa vinaisha, homa kubwa iliingia kupitia Mombasa ikapanda bara na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi nyumbani. Babu zetu wengi walikuwa katika wapagazi hao. Watafiti wanakadiria homa hiyo iliua watu kama 150,000 katika Kenya, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa na watu wachache sana. Na mwaka huo huo mvua ilikataa. Wamisionari wa Gendia walikuwa wamefika ziwani tangu 1906, kanisa lilikuwa changa, na nadhani waumini wale wa kwanza nao waliulizana maswali yetu haya haya.

Halafu ukaja ule ambao mimi niliuona kwa macho.

Ukimwi. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitambuliwa mwaka 1984, lakini kwetu miaka ya tisini ndiyo ilikuwa ya kaburi. Wiki isiyokuwa na matanga ilikuwa wiki ya ajabu. Watu waliuita ayaki, kana kwamba ni mnyang'anyi anayekuvamia. Wazee walisema ni chira, kwamba mtu amevunja mwiko wa nyumbani, na wakatafuta manyasi ya kutibu. Kanisa letu je? Kanisa letu lilisema ni hukumu. Tulihubiri hivyo waziwazi, na familia ya marehemu imeketi mbele pale.

Baba mdogo wangu alirudi nyumbani mwaka 1996 akiwa amekonda. Alikuwa ameenda ziwani kuvua. Akapewa nyumba yake pembeni, sahani yake, kikombe chake cha bati. Mimi nilikuwa kijana wa shule, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji. Niliuweka mlangoni, nikagonga, nikaondoka mbio kabla hajafungua. Hakuna aliyeniambia nikimbie. Siku moja alifungua haraka akanikuta bado nimeinama, akaniita kwa jina langu la utotoni, akasema, "Kaa kidogo." Sikukaa. Alizikwa mwezi wa nane. Kile kikombe cha bati kilitupwa shimoni pamoja na sahani yake.

Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999. Dawa zilianza kutolewa bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001 kupitia madaktari wa MSF, na watu waliokuwa wameshapimiwa jeneza wakaamka wakalima. Mnawajua, wengine wenu ni ninyi, na namshukuru Mungu kwa ajili yenu. Mwezi wa pili 2020, wiki chache tu kabla ya korona, serikali ilitoa matokeo ya uchunguzi wa taifa: Homa Bay karibu mtu 1 kati ya watu wazima 5 anaishi na virusi, na hapa Migori 13 kati ya 100. Kwa hiyo korona ilipoingia, ilitukuta sisi ambao tulishajifunza somo hili kwa gharama kubwa kuliko sehemu nyingine nyingi za Kenya. Tulikuwa tumeshajua kwamba mgonjwa haambukizi kwa jina lake. Tulikuwa tumeshatubu, hata. Mimi mwenyewe nilihubiri semina tatu juu ya unyanyapaa.

Sasa niseme lile jambo.

Wikendi ya Pasaka 2020 kule Siaya alizikwa mtu usiku wa manane, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, watoto wake wakilia gizani. Video ile iliingia kwenye kila simu ya Nyanza. Unajua sisi mtu wetu hazikwi namna hiyo. Tunalala nje naye, tunaimba, tunamsindikiza. Mimi niliitazama ile video labda mara 10, na baada ya hapo hofu yangu haikuwa tena ya kufa. Ilikuwa ya kuzikwa vile. Nilianza kuosha mikono mpaka ngozi ikapasuka.

Mwisho wa mwezi wa nne, kijana wa yule mama wa omena alirudi kutoka Nairobi. Nairobi ilikuwa imefungwa, lakini kazi yake ya mjengo ilikuwa imekwisha na njaa haina karantini. Alikuja kwa lori la mizigo, amejificha, akafika usiku na kuingia katika simba yake. Alikuwa anakohoa. Kufikia saa tatu asubuhi kijiji kizima kilijua.

Mama yake alinipigia simu saa nane mchana. Alisema, "Pasta, mtoto ana homa, hajala tangu jana. Njoo utuombee." Nikamwambia, "Mama, unajua sasa kuna kafyu."

Saa nane mchana. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni. Yeye alijua, mimi nilijua, na sote wawili tulikaa kimya kwenye simu kwa muda. Kisha akasema, "Haya, Pasta." Nikamwombea kwa simu, maombi marefu, yenye sauti, yenye mistari. Ningeweza kwenda nikasimama uani mita mbili mbali, na barakoa usoni, nikaomba kutoka hapo. Ningeweza kupeleka unga nikauweka langoni. Luther alikuwa amenieleza namna ya kufanya, na wino wangu mwekundu ulikuwa haujakauka vizuri.

Wala sikuishia hapo. Jioni mzee wa nyumba kumi alinipitia akauliza kama ni kweli kuna mtu wa Nairobi kwa huyo mama. Kumpa habari halikuwa kosa, ugonjwa lazima upimwe. Kosa ni jinsi nilivyosema. Nilisema, "Mwondoeni haraka kabla hajatumaliza." Mzee alirudia maneno hayo sokoni kama maneno ya mchungaji. Kesho yake gari lilikuja na watu wa mavazi meupe, na majirani, waumini wangu, walisimama barabarani kwa umbali wakipiga picha. Kijana akapandishwa. Hakuna aliyempungia mkono.

Majibu yalipotoka, hakuwa na korona. Alikuwa na kifua kikuu, na alikuwa amekikohoa huko mjengoni tangu mwaka mpya. Akaanzishiwa dawa za miezi 6. Lakini mama yake hakuuza omena kwa karibu miezi miwili. Watu walipita meza yake kama walivyoipita nyumba ya baba mdogo. Hata hivyo Jumapili mbili zilizofuata bado alinituma zile 50, saa nne kamili. Jumapili ya tatu simu haikulia.

Makanisa yalifunguliwa tena katikati ya Julai 2020, watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja tu, watoto wa chini ya miaka 13 wasije. Tulipima joto mlangoni, tukapanga viti vya plastiki kwa kamba ya kupimia. Nilipotazama mahali pake, pale kwenye safu ya tatu karibu na dirisha, palikuwa wazi. Nilijiambia ni kwa sababu ya umbali wa viti.

Nilienda kwake mwezi wa nane. Nilichukua wiki 5 kutembea kilomita moja na nusu. Nilimkuta anaanika omena. Nilikuwa nimeandaa maneno, na andiko la kuanzia, yote yakaniishia. Nikasema, "Mama, siku ile niliogopa. Halafu nikakudanganya. Halafu nikamsema mtoto wako vibaya. Nimekuja kuomba msamaha." Hakujibu haraka. Aligeuza omena upande wa pili, zote, taratibu. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa nimebandika chai, Pasta. Nilijua utakuja."

Hakusema lingine. Aliingia ndani akaleta kiti, na tukakaa. Kijana alitoka katika simba yake akanisalimia akiwa mbali, kwa mazoea aliyokuwa nayo sasa, mikono nyuma. Nikainuka nikaenda mpaka alipo. Bado tulikuwa tunaambiwa tusishikane mikono, na sikuwa najua kama nafanya sawa au vibaya. Nilimshika bega. Nilimwona akitazama ule mkono.

Sasa rudi kwenye Luka 5. Mwenye ukoma yule alikuwa amefungiwa nje na Walawi 13, na sheria ile ilikuwa ya Mungu mwenyewe, ilikuwa na busara yake, ndiyo karantini ya kwanza tunayoisoma. Yesu hakuifuta. Baada ya kumponya alimtuma aende akajionyeshe kwa kuhani, apimwe, atolewe cheti kama tunavyosema leo. Lakini angalia mpangilio katika mstari wa 13: alinyosha mkono akamgusa, ndipo akasema takasika. Alimguza akiwa bado na ugonjwa. Nimeuhubiri mstari huo labda mara 20 tangu mwaka ule, na kila mara najua ni nani ameketi safu ya tatu ananisikiliza.

Ndiyo, alirudi. Alirudi mwezi wa kumi na moja, bila kutangaza. Ndiye aliyenipa ruhusa kuandika haya mradi nisitaje jina, akasema niongeze kwamba kijana amepona, anaendesha bodaboda, na kwamba bei ya omena imepanda.

Kenya ilihesabu vifo vya korona zaidi ya 5,600. Wengine miongoni mwenu mlizika katika siku zile, watu 15 tu kaburini, nami sikufika kwa kila mmoja wenu. Nina daftari ambalo nimeanza kuandika majina. Kama ulizika kati ya Machi 2020 na mwisho wa 2021 na hakukuwa na mchungaji, nitumie ujumbe kwa faragha, usiandike hapa chini. Nitakuja nyumbani. Jumapili hii ibada ni saa nne kama kawaida, na akina mama wa maombi watakutana Ijumaa.

Mchungaji wenu,
Ogwedhi